Mita za Mlangoni Petu

Manka mwanangu,

Sabuni, soksi na shuka Bibi ameshavipanga, na ameshakuonyesha kwa kidole kila kitu kilipo, kwa hiyo mimi sitaandika habari za sabuni. Ni Jumapili mchana. Tumetoka misani, wewe umekwenda kukata majani ya ng'ombe kule mferejini, na mimi nimekaa hapa kizingitini na kalamu. Kesho asubuhi basi la kwenda kwenye shule ya watoto wasiosikia litapita Himo. Utapanda au hutapanda. Mpaka saa hii hujatuonyesha lolote, na mimi niliyetia sahihi kwamba utakwenda sikukuuliza.

Nakuandikia kwa sababu nikikusemesha husikii. Nikifika kwenye maneno hayo mkono unasimama. Juzijuzi tu nilikuwa naita kutoka jikoni, "Manka wee!", nawe unaitika kutoka ndani ya migomba kwa ile sauti yako ya uvivu, "Naaam," na huji. Bado naita kwa mazoea. Naita, nasubiri, halafu nakumbuka, na kila mara nashtuka kama mtu anayeletewa habari hizi kwa mara ya kwanza.

Nakuita mwanangu, na unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka minane ulipozaliwa. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama akamfuata kabla hujajua kutembea. Bibi alikulea kwa mikono yake na mimi kwa mgongo wangu. Nilipokwenda mashineni kusagisha mahindi nikiwa nimekubeba, akina mama walikuwa wanacheka, "Karibu mama Manka, mtoto hajambo?" Nilikuwa naona haya mpaka nataka kuingia ndani ya gunia. Sikuwahi kuwajibu. Leo ningewajibu.

Kuna mambo hukuyaona kwa sababu hukuwa na fahamu. Mengine yalitokea mjini, kazini kwangu, na nilipokuwa nikirudi Jumamosi sikuwa nakueleza, nilidhani wewe bado mdogo. Nataka uyajue kabla hujaondoka, na uyasikie kwangu mimi mwenyewe. Tazama, nimeandika "uyasikie". Nitaliacha hivyo hivyo.

Nilipomaliza kidato cha sita, nikisubiri matokeo, nilipata kazi kwenye ule utafiti wa malaria. Walitaka vijana wanaojua hesabu na wasioogopa kupanda milima. Siku za kazi nililala kwa shangazi Shirimatunda, na kila asubuhi gari lilituchukua mimi na Hamisi, kijana wa Kiislamu wa pale Moshi mjini, kutupeleka vijijini. Kazi yetu ilikuwa moja. Tunaingia kwenye nyumba, tunamtoboa mtoto kidole, tunapaka tone la damu kwenye kioo, kisha tunaweka altimita mlangoni kusoma nyumba ile iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Tulianzia kwenye mashamba ya mpunga kule chini, tukapanda kidogo kidogo mpaka karibu na msitu.

Hamisi hakuzoea mteremko. "Dada Resti," alikuwa akihema, "hiki kimashine kinatuambia tumepanda. Miguu yangu ilishaniambia tangu kwenye daraja." Au: "Mchagga hawezi kukaa huku juu bure. Kuna duka limefichwa mahali." Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, nimebana mdomo. Unanijua. Kwa wiki ya kwanza nzima Hamisi alidhani nina jino bovu.

Mtakwimu wetu aliitwa Bwana Temba, mzee mfupi anayevaa sweta hata jua likiwaka. Ndiye aliyekaa na kompyuta. Mimi jioni nilikuwa nabaki kumsaidia kuingiza majibu, na taratibu akaanza kunifundisha. Majibu yetu yalikuwa ya namna mbili tu: mtoto ana vimelea vya malaria katika damu, ndiyo, au hana, hapana. Na kitu tulichotumia kutabiri ndiyo au hapana hiyo kilikuwa kimoja tu, mwinuko wa nyumba.

Siku moja nilijikaza nikamwuliza kwa nini kimoja. Niliuliza kwa sauti ndogo hata ikabidi nirudie. "Mbona hatuweki moshi wa jikoni, chandarua, ng'ombe anayelala ndani?"

"Tutafika huko," alisema. "Binti, watu kumi wakiongea kwa pamoja utasikia makelele. Mwache mmoja aongee kwanza. Msikilize mpaka amalize, ujue anachokisema na asichokijua. Halafu mwite wa pili."

Kisha akachora mstari ulionyooka unaoteremka. "Watoto wa bondeni wengi wanaugua, wa juu wachache. Kwa nini nisipige rula nikamaliza kazi? Kwa sababu ukiufuata mstari huu juu vya kutosha, utakuambia watoto wa karibu na msitu wanaugua chini ya sifuri. Nani amewahi kuugua chini ya sifuri?"

"Mimi," alisema Hamisi kutoka mlangoni. "Kila siku ya mshahara."

Bwana Temba alicheka mpaka miwani ikateremka. Ndipo akanieleza ile njia nyingine, regresheni ya lojistiki, kwa mayai ya kuku. Kuku akilalia mayai kumi yakaanguliwa manane, watu husema nane kwa kumi. Lakini unaweza pia kusema nane kwa mawili, yaani ndiyo nne kwa kila hapana moja. Huo uwiano wa ndiyo kwa hapana ndio unaofanyiwa kazi. Kila ukipanda mlima kwa mita kadhaa, uwiano unapunguzwa kwa sehemu ile ile. Ni kama mtoto aliyepewa kipande cha muwa akaambiwa kila akifika kwenye nyumba akate nusu aiache hapo. Nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo. Muwa unapungua kila nyumba, lakini hauishi. Na ukiugeuza uwiano huo kuwa uwezekano wa mtoto kuugua, ukauchora, hupati mstari wa rula. Unapata mchoro unaoanza tambarare huku bondeni, unaporomoka katikati, kisha unalala tena tambarare huku juu. Unaukaribia mstari wa sifuri wala hauugusi.

Niliupenda mchoro ule, Manka. Shuleni nilifanya hesabu nyingi ambazo hazikuwa na mtu ndani yake. Hii ilikuwa na sisi, na mlima wetu. Nilisikia vizuri kwamba muwa unapungua. Kwamba hauishi niliandika kwenye karatasi tu.

Tulipofikia kijiji chetu, niliomba tupite hapa nyumbani. Unakumbuka, ulimletea Hamisi maziwa, akakuuliza kama ni ya kuuza akakufanya ucheke. Kidole chako hatukukitoboa kwa sababu nyumba za wafanyakazi hazikuruhusiwa kuingia kwenye utafiti. Lakini altimita niliiweka hapa hapa nilipokaa sasa. Mita elfu moja na mia sita na kidogo. Jioni nikaenda kwenye kompyuta nikatafuta mahali petu kwenye mchoro. Tulikuwa kule ulikolala chini kabisa. Nilirudi Jumamosi nikamwambia Bibi, "Sisi malaria si ugonjwa wetu, tumepima." Bibi akasema, "Mungu akubariki kwa habari njema." Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyejenga mlima mwenyewe.

Kulikuwa na watoto wachache ambao hawakukaa vizuri kwenye mchoro. Nyumba zao ziko juu kama yetu, wengine juu zaidi, na jibu lao ni ndiyo. Niliwatazama kwenye kompyuta wakanikera. Nikamwambia Bwana Temba labda vioo vilichanganywa maabara, tuwatoe.

"Kwa nini tuwatoe?"

"Hawafanani na mchoro, mzee."

"Sindano haikuuchoma mchoro," alisema. "Imewachoma wao. Waache walipo, na ujiulize wanatafuta nini huko juu."

Sikujiuliza. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wewe na mimi tunalijua kama tunavyojua njia ya mtoni, na ndiyo sababu sikuliona. Kila ukoo huku juu una kihamba chake cha migomba na kahawa, na una shamba la mahindi kule chini tambarare. Tunateremka kulima, kupalilia, kuvuna. Mahindi yakikomaa tunateremka kuyalinda, ngedere wasiyamalize, tunalala kwenye kibanda cha majani hata wiki nzima, kisha tunapanda. Tangu wanunuzi wa kahawa wawe wengi, kila mmoja na bei yake na zote zinashuka, watu wanateremka zaidi kuliko zamani, maana kahawa huwezi kuila. Hakuna anayelihesabu hilo kuwa ni kutoka nyumbani. Huwezi kumwambia jirani kwaheri eti unakwenda kwenye mahindi. Atakucheka.

Fomu yetu ilikuwa na swali moja mwishoni: katika wiki tatu zilizopita mtoto amesafiri? Akina mama wote wa huku juu walijibu hapana. Kuna mmoja, nyumba ya pembeni kabisa karibu na msitu, aliyejibu, "Hapana, mae, hajasafiri, alikuwa tu kule chini na babu yake, wamerudi na..." Mimi nilikuwa nimeshaweka alama kwenye hapana. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Niliona haya kumkatiza mtu mzima, na niliona haya zaidi kumwuliza swali ambalo halikuandikwa. Nikamshukuru nikaondoka. Mtoto wake alikuwa mmoja wa wale wasiofanana na mchoro.

Nawe ulipofunga shule uliteremka na Bibi kulinda mahindi. Mimi mwenyewe nilikufungia blanketi. Mimi mwenyewe nilikuchomea ndizi za njiani. Hili ndilo linalonishtua mpaka leo, na sijapata wa kunieleza: mtu anawezaje kujua jambo kwa mikono yake na asilijue kichwani?

Ile Jumamosi nilipofika nilikukuta jikoni karibu na moto, umejifunika kitenge cha Bibi, meno yanagongana.

"Huyu tumpeleke hospitali," Bibi alisema kabla sijamwamkia.

"Shikamoo Bibi. Ni mafua tu hayo. Huu mwezi wa saba, kila mtu anatetemeka."

"Mwili unamchemka."

"Bibi, huku juu malaria haipo, au ipo kidogo mno. Nafasi yake ni ndogo sana. Tumeipima."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bibi alinitazama, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Usidhani alisema kwa kejeli. Kejeli ningeivumilia. Aliniamini, Manka. Alikaa chini akaendelea kumenya ndizi, ametulia, kwa sababu mjukuu wake aliyesoma amesema.

Nikakupa panadol na chai ya tangawizi. Mkoba wangu wa kazi ulikuwa umening'inia kwenye msumari juu ya kichwa chako, na ndani yake kulikuwa na sindano za kutobolea na vioo. Wiki ile nzima nilikuwa nimetoboa vidole vya watoto wasionijua, nikiwabembeleza, "Ni kidogo tu, kama siafu." Chako sikukitoboa. Nilikuwa nimeshakujibia.

Kesho yake baada ya misa ulikakamaa. Macho yakageuka meupe. Bibi akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote. Mimi nilisimama. Ndiyo, nilisimama tu, nikiwa nimeshika kikombe. Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa anapakia ndizi za kupeleka soko la Himo. Alikuja mbio, akakuona, akarudi akaanza kuishusha mikungu chini kwa mikono miwili, anatupa, mkewe anapiga kelele, "Zitachubuka!" naye anamjibu, "Zitaota nyingine!" Tukakulaza pale ndizi zilipokuwa.

Hospitali muuguzi alikutoboa kidole, akauliza huku anaandika, "Wiki hizi mbili tatu mtoto alikuwa analala wapi?"

"Nyumbani," nikasema. Nikataja na mita. Nilimtajia muuguzi mita zetu, mwanangu.

Bibi akasema, "Nyumbani wapi? Alikuwa na mimi kule chini kwenye mahindi. Mbu walitula hao!"

Muuguzi aliandika wala hakuinua kichwa. Kwake ilikuwa habari ya kila siku. Mimi nikakaa sakafuni, mtu akadhani na mimi naumwa. Niliwaona wale watoto wa kwenye kompyuta wakiteremka mmoja mmoja na mablanketi yao. Mlima haukuwa umedanganya, wala altimita, wala mchoro. Tulikuwa tumepima milango, na watoto hawakuwepo.

Walikuwekea dripu ya kwinini. Siku zilizofuata sitakusimulia, kwa sababu mimi mwenyewe nazikumbuka vipande vipande. Nakumbuka asubuhi uliyofumbua macho. Nikasema, "Manka." Ukanitazama mdomo. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka mama wa kitanda cha pili akageuka. Ukaendelea kunitazama mdomo, umekunja uso, kama mtu anayetazama redio iliyoisha betri. Daktari alituambia huenda ni ugonjwa ulioziba masikio yako, huenda ni dawa ile ile iliyokurudisha. Hakujua, na akasema hajui. Nilimshukuru kwa hilo.

Niliporudi kazini nilimweleza Bwana Temba. Ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na nusu yake nililia. Nilitaka anifukuze. Hakunifukuza, wala hakunibembeleza. Alivua miwani, akaifuta kwa sweta kwa muda mrefu, akasema, "Kesho turudi tukaulize upya."

Tulirudi kwenye nyumba zile. Safari hii niliiweka karatasi mkobani. Nilimwamkia yule mama wa karibu na msitu, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwambia anisimulie mtoto alilala wapi usiku wa jana, na wa juzi, na kabla yake. Alisimulia bila shida yoyote. Kibanda, mbu, ngedere, babu aliyekuwa akipiga debe usiku. Karibu kila nyumba yenye ndiyo huku juu ilikuwa na hadithi kama hiyo. Hamisi siku ile hakufanya utani. Aliniambia tu, tukiwa tunateremka, "Kumbe wewe unajua kuongea, Dada Resti." Sikujua nilie au nimshukuru.

Usidhani nakuandikia ili uchukie hesabu. Mimi bado naipenda, na naona haya kuipenda, kama mtu anayempenda mbwa aliyemng'ata mtoto wake. Ila kuna jambo nimelipata kwa bei kubwa mno, na bei hiyo umeilipa wewe, kwa hiyo ni lako. Ule uwezekano wa kwenye mchoro ni kwa mtoto ambaye bado hujamtazama. Akishakuwa mbele yako anatetemeka, muda wa kutabiri umekwisha. Mtazame. Mwulize alilala wapi. Mtoboe kidole.

Na sasa naona kwamba nimerudia kosa lile lile, na nimelirudia kwako.

Tulipokupeleka tena shuleni kwenu, mwalimu mmoja alisema mbele yangu, "Huyu hasikii, hawezi kufuata." Alikuwa na jambo moja tu juu yako, na kwa hilo moja akaichora njia yako yote mpaka mwisho. Nilikasirika. Na siku ileile nilikwenda kujaza fomu ya shule ya mbali. Hasikii, basi aende. Nilikuwa na jambo moja lile lile mkononi.

Ningeweza kuandika mengine. Kwamba unajumlisha kichwani upesi kunishinda, na muuza sukari anakuogopa. Kwamba ukimwona Bibi amechoka unajifanya wewe ndiye uliyechoka ili mpumzike wote. Kwamba unaogopa radi na huogopi nyoka. Kwamba ulikuwa ukiimba sauti ya pili kanisani, na leo kwenye misa nilikuona unatazama midomo ya wanakwaya, na ulijua walipofika, kwa sababu mguu wako ulikuwa unapiga. Fomu haikuwa na nafasi ya haya. Lakini mimi ningeweza kukuuliza.

Mwalimu wa ile shule, yule mama aliyekuja kutuona, alisema mtoto aliyepoteza masikio akiwa mkubwa kama wewe anabaki na maneno yake yote ndani, yakitumiwa hayapotei. Tangu hospitali hujasema neno. Sijui ni hasira, au ni kwamba unaona haya kutoa sauti usiyoisikia. Kama ni haya, hayo umeyarithi kwangu, na naomba uyarudishe. Kama ni hasira, ni haki yako, kaa nayo muda utakaotaka. Sitakadiria ni ipi.

Kwa hiyo, Manka, sahihi yangu si jibu lako. Nadhani pale utapata wenzako, na lugha ya mikono, na masomo. Nadhani. Lakini ukisema hapana, kesho sitakwenda Himo, nitakwenda kwa yule mwalimu wa hapa, nitakaa mlangoni kwake kila siku mpaka akupe dawati la mbele, na unajua jinsi ninavyoogopa milango ya watu. Ukirudi na majani nitakupa barua hii, nitakaa, sitakuonyesha ishara yoyote ya

Nimeendelea kuandika baada ya muda, na sasa nakuandikia mambo yaliyotokea ukiwepo, lakini kuna moja hukulipata.

Ulirudi kabla sijamaliza. Ulitua mzigo wa majani, ukainyakua karatasi mkononi mwangu, ukakaa hapa kizingitini ukasoma yote kuanzia juu, taratibu, kidole kwenye mstari. Ulipofika kwenye dripu uliruka. Ulipofika kwenye muuza sukari ulitabasamu kidogo, nilikuona. Ulipomaliza ulitazama migomba muda mrefu. Mimi sikukuonyesha ishara yoyote, kama nilivyoahidi, moyo unagonga hata nikadhani utauhisi kwenye kizingiti.

Halafu ukasema. Kwa sauti kubwa mno, imekwaruza, imeanzia juu na kuishia chini, lakini ni yako.

"Nani atalala na Bibi?"

Kwa mdomo usingesikia. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni, Mimi.

Ukasoma. Ukanitazama kwa huruma kabisa.

"Anakoroma," ukasema. "Mimi siku hizi hanisumbui."

Nikacheka na kulia pamoja, nawe ukanicheka mimi, tukashikana mikono yenye harufu ya majani. Kwa hiyo kesho tunateremka Himo pamoja, mimi na wewe, na mtu akiniuliza huyu mtoto anakwenda wapi, nitamwambia akuulize mwenyewe.

Na lile ambalo hukulisikia ni hili, nakuandikia ulichukue. Ulipotoa sauti, jikoni kitu kilianguka. Bibi akauliza, "Resti, nani huyo?" Kabla sijamjibu, ukasema lile la kukoroma. Kisha akasema, sauti yake ikiwa imelowa kabisa, "Mwambie huyo mwongo aje hapa anieleze vizuri, nani anakoroma?"

Nenda jikoni, mwanangu. Anakusubiri.

Resti wako